Mchanga Usiofagiwa

Afisa wa Uhamiaji, pale Tabora mjini,
alizihesabu fomu zetu, moja hadi saba,
kisha akatuhesabu sisi.
"Wakala wenu nani? Mnakwenda kufanya kazi kwa nani?"
Nyamizi, muuza asali wa Ipuli, akajibu:
"Kwa macho yetu, baba. Tunakwenda kutazama mchanga."

Akacheka mpaka muhuri ukamponyoka.
Mchanga? Si huu hapa nje ya dirisha,
mwezi wa tisa mzima unatuingilia hadi kwenye ugali?

Hatukumweleza. Ungeanzia wapi?
Kwamba Mama Ng'ollo alizika mume, na bado hulala
upande mmoja wa kitanda, kana kwamba wa pili umepangishwa;
kwamba Havijawa hakuolewa, wala hajaomba pole;
kwamba mimi talaka yangu niliipokea kwa simu, maneno tisa,
nikiwa nashona shela la bibi harusi wa watu,
na sikukosea hata mshono mmoja.
Upweke wa mtu mmoja hunyamaza.
Wa watu saba, ukiutia kapu moja, unapiga kelele.

Miaka mitatu ya kikoba, kila Alhamisi,
chumba changu cha cherehani, Isevya.
Elfu kumi, elfu kumi.
Tumbaku ikikosa bei, elfu tatu na kicheko.
Jirani alisema tunachangia jeneza.

Kalunde pekee hakuuliza kukoje.
Alikwisha kwenda. Miaka miwili Maskati,
akilea watoto wa watu, akipiga pasi kanzu nyeupe
hata ndotoni akanusa mvuke.
"Jangwa?" alituambia. "Mimi nalijua kwa ufagio.
Usiku lilipita chini ya mlango,
alfajiri nikalizoa. Basi."
Yeye ndiye aliyemaliza kulipa wa kwanza.

Usiku wa treni tulikalia mabegi yetu stesheni.
Nikamkumbuka bibi, na hadithi yake ya babu wa babu yake
aliyebeba pembe ya mtu mwingine kutoka Kwihara hadi pwani,
begani ikamwota nundu ambayo hakuzaliwa nayo.
Nikalipima begi langu kwa mkono: kilo kumi na moja, labda.
Nguo, dawa za presha, matobolwa ndani ya kanga kuukuu.
Vyote vyangu.

Na huko? Nitasema kidogo, mengi yalikataa kupakiwa.
Mchanga ulikuwa mwekundu asubuhi, mchana ukapauka
kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Dereva, Hamedi, alikuwa na Kiswahili cha bibi yake,
kimechakaa pindoni kama leso, lakini bado kinafuta jasho.
Tukampa tobolwa. Akatafuna, akatafuna,
akauliza kwa adabu kama ni chakula au ni mti.

Kisha Kalunde akavua viatu.
Akapanda kilima cha mchanga peke yake, tukamwacha.
Juu kule akaketi, akaurusha kwa viganja viwili,
ovyo, kama mtoto asiye na wa kumkemea;
ukamwangukia kichwani, shingoni, kinywani.
Hakuna aliyemwita.
Niligundua nimekuwa nikisubiri kengele ya jikoni ilie,
mimi ambaye sikuwahi kuisikia.

Tumerudi. Mvua za kwanza zimenyesha, uyoga umefika sokoni,
Alhamisi ni Alhamisi.
Jana nilipita kwake Kanyenye kumpima gauni.
Kizingitini palikuwa na mstari mwembamba, mwekundu,
uliomwagika kutoka kiatu cha kushoto.
Mkono wangu ukajiendea wenyewe kwenye ufagio.

"Uache," akasema, akipuliza chai yake.
"Huo nimeualika mimi."